Kupeleka vifaa vya utafiti nyumbani kwa wazee: anza na mzee, kifaa kije baadae

Kila baada ya muda napata meseji ile ile toka kwa wanafunzi wa masters au vijana walioajiriwa juzi kwenye mradi: "Dada, tumepewa mashine za presha na sensa tukaziweke kwenye nyumba za wazee, tunaanzia wapi?" Afu wiki tatu baadae inakuja ya pili: "wazee wanakataa", au "data haiji". Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja.

Nimefanya kazi hii zaidi Pwani na Dar kwaiyo mifano mingi ni ya Tanzania, na vifaa ninavyovizungumzia ni vitatu: mashine ya presha ya kujipimia nyumbani, simu ya kupokea ujumbe wa sauti au kujaza majibu, na sensa za mwendo (vidude vinavyohisi mtu akipita) zinazofungwa ukutani. Kama wewe una saa ya mkononi au mzani, mambo ni yale yale.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Anayeulizwa ni mzee. Sio mwanae anayetuma hela toka mjini, sio mjukuu anayejua simu, sio mwenyekiti wa mtaa. Karibu kila tatizo linaloletwa kwangu ukilifuatilia unakuta kuna sehemu mtu mwingine alijibu kwa niaba ya mzee na watu wakaandika jibu wakaondoka.

Kabla hujatoka ofisini

Hakikisha una hivi:

- Vibali. Kwa Tanzania bara utafiti wa afya unapita kamati ya maadili (ya chuo au taasisi yako na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na kama kuna mtafiti toka nje kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar wana kamati yao. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na utafiti. Anza mapema, miezi sio wiki.
- Utaratibu wa kutunza taarifa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya humo ni taarifa nyeti. Kenya sheria yao ni ya 2019. Jua data inaenda kwenye seva gani, nani anaiona, inafutwa lini, maana mzee atakuuliza na "sijui" sio jibu.
- Vifaa vya ziada, angalau viwili kwa kila kumi.
- Betri za alkaline. Zile za bei rahisi za dukani mashine ya presha inazimaliza haraka sana, afu mzee anadhani ameharibu kitu.
- Ekstensheni, misumari midogo, tepu, futi ya fundi cherehani (ya kupimia mkono), pedi ya wino wa dole gumba, kalenda kubwa ya ukutani.
- Miwani ya kusomea, pea mbili tatu za nguvu tofauti. Hii hakuna anayeiweka kwenye bajeti na ndio inayookoa muda kuliko vyote.
- Namba MOJA ya simu inayopokelewa na mtu anayejua mradi, mchana na jioni.
- Mpango wa dharura ulioandikwa. Nitaueleza hatua ya 5.
- Hela ya umeme na bando, imetengwa, sio "tutaona".

Na jiulize unamaanisha nini ukisema mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema miaka 60 na kuendelea, lakini mama wa miaka 61 mwenye genge na magrupu sita ya WhatsApp na babu wa miaka 84 mwenye mtoto wa jicho ni watu wawili tofauti kabisa. Ukichukua wale wepesi kufikika tu utaandika ripoti kwamba wazee wanaipenda teknolojia, na utakuwa hujawaona wazee.

Hatua zenyewe

1. Kaa na wazee kabla kifaa hakijanunuliwa

Tafuta wazee watano au sita, kupitia baraza la wazee la kata au kliniki ya presha na sukari, wawekee mezani vifaa viwili au vitatu, wape wavishike wavibonyeze wewe ukiwa kimya. Sisi mara ya kwanza hatukufanya hivi. Tulinunua mashine nzuri tu yenye kitufe cha kugusa kisichoinuka, mzee anagusa hasikii chochote kidoleni, anagusa tena, mashine inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Tukarudi kununua zenye kitufe kikubwa kinachobonyea mpaka chini. Nusu saa na wazee watano ingetuonyesha hilo bure.

Angalia pia sauti. Masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza sauti nyembamba, na vile vifaa vingi vinalia "pii" nyembamba sana ambayo wewe unaisikia toka chumba cha pili na mwenye kifaa haisikii akiwa amekishika. Sauti nzito ya mtu akisema "muda wa kupima" inafanya kazi vizuri zaidi kuliko mlio.

Na waulize wao wanataka kujua nini. Sisi tulitaka kujua wanapima mara ngapi, wao walitaka kujua kwanini presha inapanda siku fulani na kama chumvi ya samaki mkavu inahusika. Tukaongeza swali la chakula kwenye fomu, na wakawa wanajaza kwa moyo kwa sababu swali lilikuwa la kwao.

2. Pita kwa viongozi, ila usiishie hapo

Barua inashuka toka mkoa, wilaya, kata, mpaka mtendaji na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Zanzibar ni sheha, Kenya ni chifu. Bila hapo hutembei, na ni haki yao kujua nani anaingia kwenye nyumba za watu wao.

Lakini mwenyekiti akimwambia bibi "kuna wageni wa serikali wanakuja, wapokee", hiyo imeshakuwa amri. Bibi hawezi kukataa mbele yake. Kwaiyo mshukuru mwenyekiti, nenda nae akutambulishe, akishaondoka ndio useme tena taratibu kwamba hii sio lazima, ukikataa hakuna kitakachobadilika, sio kwenye TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), sio kliniki, sio popote. Hapo kwenye TASAF pataje kwa jina kabisa kwa sababu ndicho anachokiwaza.

3. Ziara ya kwanza nenda mikono mitupu

Usibebe kifaa. Narudia kwa sababu kila timu mpya inataka kuokoa nauli kwa kuunganisha ziara mbili, na wote wanakuja kulipia baadae.

Piga hodi, subiri ukaribishwe, shikamoo, kaa unapoonyeshwa. Ukiletewa chai kunywa. Ongea habari za nyumbani kwanza, msimu, watoto, mguu unaouma. Katika hayo maongezi utapata karibu kila kitu unachohitaji: nani anaishi hapa, nani analala wapi, soketi ziko wapi na zipi ni nzima, nani ananunua LUKU (umeme wa kulipia kabla), simu ni ya nani na inachajiwa wapi, nyumba ni yao au wamepanga. Kama wamepanga, kuna mwenye nyumba wa kuomba ruhusa kabla hujagonga msumari.

Chagua muda. Asubuhi sana watu wako shambani au wanafagia, saa nne mpaka saa sita mara nyingi ni nzuri, Ijumaa mchana acha, Jumapili asubuhi acha. Kwenye mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka, kula, dawa, kulala, kwaiyo kama unaweza usianze mradi mwezi huo. Mjane akiwa eda, miezi minne na siku kumi, usimpelekee kijana wa kiume. Peleka dada, au subiri.

4. Jua simu ni ya nani kweli

Hii nimeipa hatua yake kwa sababu imeua data nyingi sana. Unakuta laini anayotumia mzee imesajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu, ama kwa sababu hakuwa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ama kwa sababu mkono ulioshika jembe miaka 50 alama za vidole zimefutika na mashine haizisomi. Kwaiyo ukituma hela ya usumbufu inaenda kwa jina la mjukuu, mjukuu akihama anaondoka na laini, na ukituma ujumbe wa siri kuhusu afya anayeusoma kwanza sio mzee.

Uliza wazi: "Bibi, hii namba nikituma ujumbe atausikia nani?" Kama jibu ni mtu mwingine basi kubaliana nae njia nyingine, hata kama ni kupita kwa miguu. Hela mpe mkononi asaini.

5. Ridhaa, na hapa usiwe na haraka

Fomu ya kurasa nne haisomwi na mtu. Isome kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida au lugha ya nyumbani, kipande kipande, na kila kipande muombe akuelezee wewe: "Babu, mtu akikuuliza hiki kidude kinafanya nini utamwambiaje?" Akisema "kinatibu presha" basi hajaelewa na wewe hujaeleza, rudia. Asiyeandika anaweka dole gumba, mbele ya shahidi ambaye sio mtu wa mradi.

Mambo ambayo lazima yasemwe kwa mdomo:

Kifaa kinaona nini na hakioni nini. Sensa ya mwendo haina kamera, inahisi joto la mwili linapohama, haisikii maongezi. Mwambie hivyo hata kama hajauliza, maana jioni jirani atamuuliza.

Hakichukui damu. Hadithi za mumiani hazijaisha, na kila anayekuja na mashine ya kubana mkono anaanzia hapo. Usicheke wala usikasirike, vaa mkanda wewe mwenyewe kwanza, jipime mbele yake.

Kitaondolewa lini. Weka alama kwenye ile kalenda siku hiyo hiyo, mbele yake.

Na hili la mwisho ndilo zito kuliko yote: hakuna daktari anayeangalia. Mzee akiona mashine inatuma namba anaamini kuna mtu hospitali anaziona saa ile ile na ikiwa mbaya gari litakuja. Nilishamkuta mama amekaa siku mbili na kichwa kinamgonga, anapima kila baada ya nusu saa, anasubiri tumpigie. Alikuwa anatuambia sisi. Namba zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta na hakuna aliyezifungua mpaka Jumatatu. Alipona, lakini tangu siku hiyo mradi wowote ambao hauna mtu wa kuangalia namba kila siku siuanzi.

Kwaiyo mpango wa dharura uandikwe hivi, kwa herufi kubwa, ubandikwe karibu na mashine: namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 120, kaa utulie dakika tano, pima tena. Ila kukiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, upande mmoja kulegea, kuona ukungu au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali SASA HIVI, usisubiri kupima tena wala kutupigia sisi kwanza. Ikiwa namba bado iko juu lakini hana dalili hizo, apige ile namba moja na aonwe kituoni siku hiyo hiyo. Na jua kabisa usafiri wa usiku ni nani mwenye bajaji au bodaboda pale mtaani, andika namba yake.

Kwa mzee ambaye kumbukumbu zinapotea, kuna kipimo kinaitwa IDEA kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakusoma, kuna sehemu wanapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora. Muone mtu aliyefunzwa akitumie. Ukigundua hawezi kuamua peke yake utaratibu wa ridhaa ya familia uwe umepitishwa na kamati tangu mwanzo, na hata hivyo mzee akisukuma mkono wako siku hiyo basi siku hiyo hapimwi.

6. Muulize majirani waambiwe nini

Wengi wanairuka hii. Nyumba ikianza kuwaka taa nyekundu usiku watu wanaongea. Na kuna sehemu maongezi hayo ni hatari kweli: Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Geita, bibi zetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa macho mekundu ambayo yametokana na moshi wa kuni na samadi jikoni. Sasa wewe unaenda kumwekea bibi anayeishi peke yake kidude kinachowaka ukutani.

Muulize yeye: waambiwe au wasiambiwe, na nani awaambie. Wengine wanataka utangaze kwenye mkutano wa kitongoji ili ijulikane ni mambo ya afya. Wengine hawataki mtu ajue wana presha. Ziba taa kwa kipande cha tepu nyeusi kama haina kazi. Na kama yeye anahisi kifaa kitamletea shida, amini, usimshawishi, mtoe kwenye orodha umuage vizuri.

7. Funga kifaa pamoja nae

- Yeye ndiye aonyeshe kifungwe wapi. Chumbani na chooni usiguse mpaka aseme mwenyewe.
- Tepu haishiki kwenye ukuta wa udongo au wa chokaa, itadondoka na chokaa lote. Msumari, kwa ruhusa.
- Sensa ya mwendo iweke juu kidogo ya kichwa, isitazame dirisha la jua wala jiko. Chini ya bati mchana wa Januari joto la chumba linakaribia joto la mwili na sensa inaanza kukosa watu, kwaiyo mchana wa joto usiamini ukimya wake.
- Kuku na paka wanahesabika. Ipandishe, iangalie mbele sio chini.
- Umeme: piga hesabu mbele ya anayenunua LUKU. Kifaa cha wati 5 kikiwaka masaa 24 kwa siku 30 ni unit 3.6. Inaonekana ndogo, lakini nyumba iliyo kwenye bei ya matumizi madogo ikivuka unit 75 kwa mwezi bei inapanda kwa kila mtu mle ndani. Lipia wewe, na lipia mwanzoni mwa mwezi.
- Onyesha swichi. Mzee ana haki ya kuzima muda wowote bila kutoa sababu, akiwa na wageni, akiwa anaswali, akiwa tu hataki. Mpe na kitambaa cha kufunikia.

Kuna kitu cha kufikiria kwa wale wanaochukua mpango toka nje. Kituo cha ORCATECH kule Oregon, Marekani, kimefunga sensa kwa miaka mingi kwenye nyumba za wazee kupima wanavyotembea na kulala, na wengi wao wanaishi peke yao au wawili, kwaiyo anayepita mlangoni anajulikana. Sasa wewe nyumba ina watu nane, wajukuu wanne, na jirani anakuja kuchota maji. Sensa itakwambia kuna mtu amepita, basi. Usilazimishe. Ama mzee avae kitu chepesi anachokubali, ama ubadilishe swali la utafiti.

8. Fundisha kitu kimoja kwa siku, mikono yake sio yako

Ukimnyang'anya simu umwonyeshe "hivi tu", umemaliza somo. Weka mikono yako nyuma. Aguse, akosee, arudie. Siku ya kwanza kuwasha na kuzima tu.

Kwa simu ya kugusa: ngozi kavu ya vidole kioo kinaigoma, mwambie anawe na kufuta mikono kwanza au mpe ile kalamu yenye ncha ya mpira. Wengi wanabonyeza na kushikilia, hapo zinafunguka menyu za ajabu, kwaiyo ingia kwenye settings sehemu ya ufikivu (accessibility) uongeze muda wa kugusa na kushikilia. Maandishi makubwa, mwanga juu, ondoa programu zote zisizohusika.

Kwa presha: mkanda ulingane na mkono, pima kwa ile futi katikati ya mkono wa juu, ule wa kawaida ni kama sentimita 22 mpaka 32, zaidi ya hapo tafuta mkubwa maana mdogo unaongeza namba za uongo. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini isikunjwe, mkono mezani usawa wa moyo, dakika tano kimya, apime mara mbili akiacha dakika moja katikati. Kigoda cha jikoni hakifai, nenda na kiti kama hakipo.

Na SAA. Ukiandika kwenye karatasi "pima 7:00" mzee atapima saa saba mchana na hajakosea, wewe ndio umeandika kizungu. Mashine nayo inaandika 07:00 wakati yeye kwenye daftari ameandika saa moja, afu mchambuzi wa data anaona vipimo viwili vya siku moja vilivyopishana masaa sita. Usitumie namba. Tumia maisha yake: "ukitoka chooni asubuhi, kabla ya chai na dawa", "baada ya magharibi", "kabla ya kulala". Chora jua na mwezi kwenye daftari.

9. Wiki ya kwanza ndio mradi wenyewe

Piga simu siku ya pili, pita siku ya nne, pita tena siku ya saba. Baada ya hapo unaweza kupunguza. Wazee hawapigi simu kusema kifaa kimekufa, wanaona watakusumbua au utadhani wameharibu, wanakifunika kitambaa kizuri na kusubiri uje. Kwaiyo usiulize "kinafanya kazi?" maana utajibiwa ndio. Sema "hebu tupime wote nione".

10. Kuondoa

Siku iliyo kwenye kalenda ndio siku ya kuja, sio wiki mbili baadae. Ziba matundu ya misumari. Futa data kwenye simu mbele yake. Kama mashine ya presha inabaki kwake au inarudi ofisini iwe ilishasemwa hatua ya 5, hakuna kinachouma kama mtu aliyejipima miezi sita kunyang'anywa bila kutegemea.

Rudi na majibu yake, kwenye karatasi moja kubwa: wastani wa presha yake asubuhi na jioni (nyumbani wastani ukiwa 135/85 au zaidi aende nayo kliniki). Afu wakusanye wazee wote uwaeleze mlichogundua na uwaulize mmekosea wapi. Wataona vitu ambavyo wewe hukuviona. Wazee wetu ndio waliotuambia kwamba namba zilipanda mwisho wa mwezi kwa sababu dawa zilikuwa zimeisha, sio kwa sababu ya hali ya hewa kama tulivyoandika kwenye rasimu.

Ikigoma: maswali yanayokuja kila mara

*Data imekata ghafla.* Angalia kwa mpangilio huu: LUKU imeisha, ekstensheni imechomolewa kupiga pasi, bando limeisha, betri. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaunguza vifaa, nunua kile cha kulinda umeme.

*Vipimo vinakuja lakini vinarukaruka sana, 118 leo 165 kesho.* Muulize nani mwingine anapima. Mashine ya presha ikiingia nyumbani inapima mtaa mzima, na huwezi kumkataza mama asimpime jirani yake. Mpe mzee kitufe cha mtumiaji wa 1 na wageni wote kitufe cha 2 kama mashine inayo, au aweke alama kwenye daftari.

*Sensa inaonyesha hakuna mtu siku nne.* Usipanic, piga simu. Mara nyingi ni msiba kijiji cha pili, au amepelekwa kwa mtoto mjini, au msimu wa kupalilia anakula na kulala shamba. Omba tangu mwanzo akwambie akisafiri, na usiandike kwamba "ameacha utafiti".

*Simu haipokelewi mchana.* Iko dukani inachajiwa. Na hapo ujue yeyote pale dukani anaweza kuifungua, kwaiyo weka namba ya siri ambayo mzee ameichagua mwenyewe, au mpe chaja ndogo ya sola.

*Mjukuu ndiye anayejaza.* Sio kosa, mara nyingi ni upendo. Mpe mjukuu kazi yake rasmi, awe wa kuchaji na kubadili betri, na iandikwe kwenye daftari nani alijaza. Maswali ya namna mzee anavyojisikia ajibu mzee, kwa kurekodi sauti kama kuandika ni tabu.

*Mtoto wake amepiga simu toka mjini anasema tutoe kifaa.* Msikilize kwa heshima, mweleze, afu nenda kwa mzee ukamuulize yeye. Akitaka kiendelee kinaendelea. Akisema "mwanangu sitaki ugomvi na watoto" kitoe siku hiyo hiyo.

*Mzee anakubali kila kitu ila hatumii.* Amekataa kwa adabu. Mwambie unakuja kukichukua, bila lawama, na uone uso wake utakavyofunguka.

*Mzee amefariki.* Ukifanya kazi hii itakukuta. Siku unayopata habari, hata ikiwa usiku, zima kifaa toka ofisini na umtoe kwenye ujumbe wa kujituma, maana hakuna familia inayostahili kusikia simu ya marehemu ikisema "muda wa kupima presha umefika" watu wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Nenda msibani kama mtu wa karibu, toa rambirambi, kaa. Usiulizie kifaa. Usimtume kijana mpya ambaye hakumjua. Kikae mpaka wenyewe wakwambie au mpaka arobaini ipite, na ukienda kukichukua nenda na ile karatasi ya vipimo vyake, waulize kama wanaitaka. Wengi wanaitaka.